Sura ya Nne: Kanuni Irudishwayo Barazani

Mtu aliyezaliwa kisiwani hujua tangu utotoni kwamba ardhi ina mwisho, kwa kuwa huuona mwisho wenyewe kila siku kwa macho yake, na kwa sababu hiyo kanuni zake za shamba, kisima na mikoko huwa zimefungamana na ujuzi huo. Walakini mwenyeji wa nyanda za juu za kusini, aliyelelewa Iringa au Mbeya mahali ambapo kilima hufuatwa na kilima kingine mpaka macho yakachoka, aliishi dahari nyingi akiamini kwamba nyuma ya kilima cha mwisho ipo ardhi nyingine inayomngoja yeye au wanawe. Imani hiyo haikuwa upuuzi. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, vijana wa rika moja walikuwa wakijitenga na wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, na mara moja katika kila kizazi, katika sherehe iliyoitwa ubusoka, wazee walikabidhi utawala kwa wana wao na ardhi ikagawanywa upya, hata ikawa mgawanyo wa jana haukuweza kamwe kudai kwamba ni mgawanyo wa milele. Utaratibu ule ulihitaji ardhi ya akiba, na akiba ilipokwisha nao ukafifia.

Siku hizi kijiji cha nyanda za juu, kikishapimwa mipaka yake na kupewa cheti cha ardhi ya kijiji, kimekuwa kisiwa: upande mmoja kimepakana na msitu wa serikali, upande wa pili na shamba la mwekezaji, upande wa tatu na hifadhi ya wanyama, na upande wa nne na kijiji jirani ambacho nacho kimebanwa vivyo hivyo. Ng'ambo ya kuhamia haipo tena. Ndipo mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, pamoja na sheria ndogo zinazoulinda, unapopata uzito ambao babu zetu hawakuuhitaji, na ndipo linapozuka swali la sura hii: kanuni hizo zikishatungwa na kupigwa muhuri, ni nani mwenye haki ya kuzipitia upya, na kwa utaratibu gani? Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa mifano ya Iringa na Mbeya, ni kwamba hakuna mpango usiobadilika, hata ule uliofungiwa kabatini; lakini wanakijiji wasipoubadilisha wao barazani, utabadilishwa na wengine nje ya baraza, na katika mabadiliko hayo milki yenyewe huhama pole pole kutoka kwa wale walioutunga.

Amri zilizotangulia

Ili kufahamu kwa nini neno mpango husikika kwa hadhari katika vijiji vyetu, sharti tukumbuke kwamba mipango ya kwanza haikutoka vijijini. Serikali ya Waingereza, kwa sheria yake ya ardhi ya mwaka 1923, ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma iliyo chini ya mamlaka ya Gavana, na katika nyanda zetu za juu, ambako hali ya hewa iliwapendeza walowezi, mashamba ya chai yalienea Mufindi na mashamba ya tumbaku na mazao mengine yakachukua sehemu nzuri za Iringa. Baada ya uhuru zikaja siasa za ujamaa, ambazo kwa nia zilikusudia insafu na kwa utekelezaji mara nyingine zilileta shuruti. Isimani, tarafa iliyo kaskazini ya mji wa Iringa, ilikuwa imestawi kwa mahindi ya wakulima waliojilimbikizia mashamba makubwa. Na siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkuu wa mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa akiisimamia siasa ya ujamaa kwa bidii kubwa, alipigwa risasi akafa huko Isimani kwa mkono wa mkulima mmoja katika ugomvi uliotokana na ardhi. Tukio lile halikuusimamisha mwendo wa serikali. Katika miaka iliyofuata, hasa kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu nchini kote, na mashamba yakagawiwa juu ya mashamba, wala watu hawakupewa hati yoyote ya kuonyesha nani alipoteza na nani alipata.

Matokeo yake yalionekana mahakamani miaka mingi baadaye, pale waliohamishwa walipodai mashamba yao ya asili. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1992 ili kuzifuta haki hizo za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka mkoa wa Arusha, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Wakati huo Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi nzima tangu 1991 ikisikiliza malalamiko ya wananchi, na miongoni mwa mapendekezo yake makubwa ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji upewe mamlaka ya kweli juu ya ardhi ya kijiji. Serikali haikuyakubali yote, kwani ardhi ilibaki kuwa ya umma chini ya dhamana ya Rais. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilikubali jambo moja lenye maana kubwa kwa mjadala wetu, nalo ni kwamba halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini asimamiavyo mali ya wengine, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18.

Kilichomo ndani ya mpango

Wilaya ya Mbozi, ambayo wakati ule ilikuwa bado katika mkoa wa Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuzaliwa mwaka 2016, ndiyo iliyochaguliwa kuwa mahali pa kuijaribia sheria hiyo mpya. Na katika wilaya ya Iringa, kijiji cha Ilalasimba kilikuwa miongoni mwa vya kwanza, katikati ya muongo wa 2010, kupimiwa mashamba kwa simu za mkononi, vijana wa kijiji wenyewe wakitembea mipakani pamoja na wenye mashamba na majirani zao. Tangu hapo maelfu ya familia katika mikoa hii miwili wamepokea hati za haki miliki ya kimila, baadhi yake zikiwa na jina la mume na la mke kwa pamoja, jambo ambalo kizazi kimoja nyuma lingezusha kicheko barazani.

Walakini hati ya mtu mmoja mmoja hukaa ndani ya mpango wa kijiji kizima, na mpango huo una nidhamu yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, pamoja na halmashauri ya wilaya na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Na mwongozo wa Tume hiyo huipitisha kazi katika hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya, kisha tathmini shirikishi ya kijiji, kisha upimaji na uchoraji wa ramani ya matumizi yaliyopo, kisha mpango wenyewe wa matumizi yatakayokuja, kisha utoaji wa hati na uwekaji wa masijala ya ardhi, na mwisho usimamizi wa siku zote. Humo ardhi hugawanywa katika makazi, kilimo, malisho, misitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii na akiba ya baadaye. Sheria ndogo huambatana nayo, zikipitishwa na mkutano mkuu na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya kwa mamlaka ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Kwa desturi mpango huandikwa kwa muda wa miaka 10.

Atakayetazama jinsi fedha na juhudi zinavyotumika ataona kwamba hatua tano za kwanza zina wafadhili, magari, semina na picha za makabidhiano, na kwamba hatua ya sita, iliyo ya kudumu, huachiwa kamati ya watu wasiolipwa. Vijiji vya Tanzania ni zaidi ya 12,000, na kwa kuwa vingi bado havijapata mpango hata wa kwanza, wakuu wa kazi huona ni anasa kurudi katika kijiji kilichokwisha kuupata. Hoja hiyo inaeleweka, ila imejengwa juu ya dhana kwamba mpango ni kitu kinachokamilika, ilhali mifano ifuatayo inaonyesha kwamba siku ya muhuri ni siku ya kuanza tu.

Mabondeni mwa Wahehe

Tuanze na maji. Katika wilaya za Iringa, Kilolo na Mufindi, na kwa jirani zao wa Njombe, kuna kilimo cha kale kinachoitwa vinyungu: mvua zikishakatika na unyevu ukabaki mabondeni, wakulima huinua matuta, huchimba vijia vya kupitishia maji yaliyozidi, na kupanda mahindi, maharage, viazi na mboga, ambavyo huvunwa kabla ya mvua kubwa kurudi. Chakula hicho hufika mezani wakati ghala la mlimani limepungua, na fedha yake ndiyo aghalabu humnunulia mtoto sare na madaftari. Basi mwaka 2004 Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zaweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Katika mabonde membamba ya Uhehe, mita 60 kila upande ni bonde zima.

Vijiji vilivyotunga sheria ndogo kwa kunakili kifungu hicho neno kwa neno vilijikuta na kanuni ambayo kila mtu aliivunja, akiwamo mwenyekiti. Na kanuni ya namna hiyo haina madhara madogo, kwa kuwa humpa mtendaji asiye mwadilifu silaha ya kumtoza faini amtakaye na kumwacha amtakaye. Ukweli ni kwamba vinyungu si vya namna moja. Kuna tuta la msimu katika bonde pana ambalo halijawahi kukauka, na kuna shamba lililosogezwa mpaka kwenye jicho la chemchemi, mimea ya asili ikang'olewa na mfereji ukachimbwa hata bonde likakaushwa. La kwanza limedumu vizazi vingi. La pili huua chanzo katika misimu michache. Miradi ya hifadhi iliyopita Iringa tangu miaka ya 1990, ukiwamo ule wa HIMA uliofadhiliwa na Denmark, ilikwisha kujifunza kwamba mkulima wa bondeni hutenganisha mambo hayo mawili vizuri kuliko mgeni. Kwa hiyo kuipitia upya kanuni ya bondeni si kuilegeza. Ni kuitaja chemchemi kwa jina lake, kuizungushia mpaka mkali kuliko ule wa mita 60 pale inapostahili, kupanga msimu wa kulima na namna ya kuinua matuta mahali pengine, na kuipeleka hoja hiyo wilayani ili mahitaji ya sheria ya nchi yatimizwe bila kuwafanya watu wote kuwa wahalifu.

Miti na madalali

Soko nalo ni mpitiaji wa mipango asiyealikwa. Mufindi, ambako msitu wa serikali wa Sao Hill umewazoesha watu tangu zamani kuona misindano ikipandwa kwa mistari, na Kilolo, pamoja na Njombe, mashamba mengi ya mahindi yamegeuka kuwa mashamba ya miti katika miongo miwili hii. Bei ya mbao ilipopanda, wafanyakazi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na miji mingine walikuja na fedha mkononi, makampuni ya kigeni nayo yakaomba maelfu ya hekta, na madalali wa ardhi wakazaliwa katika vijiji ambavyo hapo kwanza havikuijua kazi hiyo. Sina haja ya kuubeza mti, kwa kuwa umejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto wengi. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, uliosaidiwa na Finland kuanzia 2014, ulidai kwa busara kwamba kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi kwanza, ndipo miche igawiwe.

Lakini hesabu ya miaka ina fumbo lake. Msindano huhitaji miaka 15 na zaidi ili utoe mbao nzuri, ilhali mpango wa kijiji ni wa miaka 10. Kwa hiyo anayepanda leo katika ardhi iliyotengwa kwa chakula ameufunga mkutano mkuu ujao kabla haujaitishwa, kwa sababu hakuna mkutano utakaothubutu kung'oa mti uliobakiza miaka mitano kuvunwa. Mlingoti, yaani mkaratusi, nao ni mnywaji mkubwa wa maji, na ukipandwa bondeni hurudi tena na tena kutoka kwenye kisiki kila ukatwapo. Moto unaoanzia shamba la mtu asiyeishi kijijini huunguza shamba la jirani, na mwenye shamba akitafutwa, namba yake ya simu haipatikani. Katika hali hizi kupitia upya kanuni maana yake ni kuuliza, kila baada ya miaka michache na si kungoja kumi iishe, ni kiasi gani cha ardhi ya chakula kimekwisha kuwa msitu, nani ameuza, nani amenunua, na kama kijana wa miaka 20 aliyemo kijijini leo atakuwa na mahali pa kulima atakapooa. Sheria inaitaka ardhi ya kijiji iwe na sehemu ya akiba kwa ugawaji wa baadaye. Mahali ambapo sehemu hiyo haikuangaliwa, akiba imekwisha kuliwa bila kikao kimoja kuitishwa.

Usangu baina ya mpunga na hifadhi

Hakuna mahali panapoonyesha rai yangu kwa uchungu kuliko Usangu, bonde kubwa la wilaya ya Mbarali lililo chini ya milima ya Uporoto na Kipengere. Humo hukusanyika maji ya Ruaha Mkuu, hupita katika kinamasi cha Ihefu, huingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kuendelea mpaka mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme. Wasangu walikuwa wafugaji na wakulima wa bonde hilo. Wakaja wakulima wa mpunga kutoka pande nyingi, yakaja mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, wakaja wafugaji wa Kisukuma, Kimasai na Kibarbaig na makundi yao. Mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na likarudia mwaka hata mwaka. Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mjini London, mwezi Machi 2001, kwamba kufikia 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Katika 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu kwa nguvu pamoja na ng'ombe wao, wengi wakaelekea Lindi na pwani ya kusini; na Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 likaliunganisha lililokuwa Pori la Akiba la Usangu na hifadhi ya taifa, mipaka ikavigusa vijiji vilivyokuwa vimesajiliwa, vyenye shule, zahanati na wenyeviti waliochaguliwa.

Kwa miaka 15 iliyofuata, mkulima wa vijiji vile aliweza kuwa na mpango wa kijiji mkononi na tangazo la serikali juu yake, na yote mawili yakiwa halali kwa namna yake. Mwaka 2023 mipaka ilirekebishwa na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa wananchi, ila si vijiji vyote vilivyonufaika. Mradi mkubwa wa utalii wa kusini uitwao REGROW, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulisimamishiwa fedha mwezi Aprili 2024 na kufutwa mwezi Novemba mwaka huo huo, baada ya malalamiko ya wanavijiji juu ya yaliyowapata katika utekelezaji wa mipaka.

Msomaji atasema: kanuni ndogo za kijiji zingefaa nini mbele ya tangazo la serikali? Zingefaa kwa mambo mawili. La kwanza, sheria ya mwaka 1999 haimpi Rais uwezo wa kuhaulisha ardhi ya kijiji kimya kimya: tangazo hutolewa siku 90 kabla, mkutano mkuu husikilizwa, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano huo waweza kukubali au kukataa; basi kijiji chenye mpango uliopitiwa karibuni, wenye ramani na hesabu ya watu na mifugo ya mwaka huu, husema mbele ya wapimaji kwa sauti tofauti na kijiji chenye karatasi ya zamani isiyoonyesha hata shule yake mpya. La pili, Usangu haukukaushwa na mtu mmoja wala na kabila moja, bali na mifereji mingi iliyochimbwa kila mmoja kwa haki yake, na hakuna kijiji kinachoweza kuupanga mto peke yake. Sheria inaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi, na huko Kiteto vijiji vya wafugaji vimekwisha kuunganisha malisho yao katika mpango mmoja uitwao OLENGAPA. Mapitio ya Usangu yanayostahili jina hilo yatakuwa ya namna hiyo: vijiji vya juu ya mfereji na vya chini yake, wenye mpunga na wenye ng'ombe, katika baraza moja na daftari moja.

Kwa mukhtasari, mji nao huipitia mipango ya vijiji bila kualikwa. Jiji la Mbeya limepanda milima na kuteremka mpaka Uyole na kwingineko, na Mafinga imekuwa mji wenye halmashauri yake tangu 2015. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, kijiji hugeuka mtaa, na mkutano mkuu uliokuwa na sauti juu ya ardhi hukosa kiti. Kijiji kilicho ukingoni mwa mji ambacho hakijaupitia mpango wake hugundua mabadiliko hayo siku mtu asiyejulikana anapokuja na vigingi vya viwanja.

Mfano wa Mafia

Niliwataja watu wa visiwani mwanzo wa sura hii, na haki ni kuwasikiliza. Mafia ilipata hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza nchini, na wakazi wa Chole, Juani na Jibondo walijikuta wakiishi ndani ya mipaka yake, si pembeni mwake. Mpango mkuu wa hifadhi hiyo, uliogawanya bahari na nchi kavu katika maeneo ya kukatazwa kabisa, ya matumizi maalumu na ya matumizi ya kawaida, ulitoka mwaka 2000, ukapitiwa upya na kutolewa tena mwaka 2011. Hapakukosekana ugomvi, kwani wavuvi wamelalamika juu ya nyavu zilizokatazwa na juu ya miamba waliyoizoea. Lakini ugomvi huo ulikuwa na mahali pa kusemwa na waraka wa kuandikiwa, na mpango wenyewe ulikubali kwamba una umri. Hilo ndilo la kujifunza kutoka visiwani, wala si kwamba watu wa huko ni wema kutushinda: mahali pasipo ng'ambo, kanuni isiyopitiwa huwa kifungo, na kanuni ipitiwayo na wengine huwa ukoloni mdogo.

Adabu ya kupitia

Yafaa basi kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Mapitio yaanze kwa masijala, si kwa hotuba: kamati ya mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji ifungue daftari, ihesabu hati zilizotolewa, mashamba yaliyouzwa, kesi zilizofika baraza la ardhi la kijiji, na faini zilizotozwa kwa kila kifungu cha sheria ndogo. Kifungu ambacho hakijamtoza mtu faini hata mara moja ama kinatiiwa na wote ama kimesahauliwa na wote, na baraza lazima lijue ni lipi kati ya hayo. Kifungu kinachotoza watu wale wale kila mwaka kina tatizo lake jingine. Baada ya daftari, watu watembee mipakani. Ramani iliyochorwa wilayani haisomeki kwa wengi, ila mto, jiwe, mti mkubwa na njia ya ng'ombe husomeka kwa kila mtu, na ni huko njiani, mbali na meza, ambako mwanamke aliyefiwa na mume huthubutu kueleza ni wapi shemeji zake wamesogeza mpaka.

Mkutano uitwe wakati watu wana nafasi, baada ya mavuno na si wakati wa kupanda, na uitwe kwa saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Kweli sheria imekwisha kubatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi, na imeweka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi, lakini sheria haiwezi kumtoa mtu shambani au jikoni akahudhurie. Mfugaji mgeni aalikwe pia, maana kanuni ya malisho iliyotungwa bila yeye ni tangazo la vita. Mkutano ukishaamua, uamuzi uandikwe, upelekwe wilayani kwa njia ile ile iliyopita mpango wa kwanza, na usomwe hadharani ukirudi. Kwani kilichoidhinishwa na mkutano mkuu hakibadilishwi kwa haki ila na mkutano mkuu.

Wapo watakaonung'unika kwamba watu wakiruhusiwa kuipitia kanuni kila mara, wenye nguvu watapata kila mara mwanya wa kuipindisha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila imemkosea mshukiwa. Mwenye nguvu hahitaji mkutano. Yeye hupata atakalo kwa dalali, kwa mtendaji, kwa wakili, kwa ukimya wa mpango uliochakaa. Anayeuhitaji mkutano ni yule asiye na njia nyingine, na kwake yeye haki ya kurudi barazani na kusema kwamba kanuni ya juzi haimfai tena ndiyo sehemu ya milki ambayo hati haiwezi kumwandikia. Wanyakyusa wa zamani walilijua hilo walipoigawanya ardhi upya katika kila kizazi. Sisi tusio na ardhi mpya ya kugawana tumebakiwa na uwezo wa kuipitia upya ile tuliyo nayo, na kijiji kinachouacha uwezo huo kimekwisha kutoa zaidi ya nusu ya ardhi yake, hata kama cheti bado kimetundikwa ukutani ofisini.